Mwalimu Melkiori na Ukurasa wa Kwanza

Kama nilivyowaambia kwenye chai, miaka thelathini na minne ya kufundisha si mchezo, na Mwalimu Melkiori anaifunga kwa kustaafu tarehe 2 Septemba bila kupoteza hata kalamu moja nyekundu. Wanafunzi wake wote wanajua insha ya "Siku Nisiyoisahau" inavyoanza: jua linawaka, ndege wanaimba. Nusu ya darasa walifiwa na bibi yuleyule kila muhula. Mwalimu alisahihisha nukta, msiba akauacha.

Kosa lake analolikiri ni moja tu. Katika darasa lake la Jumamosi la watu wazima, tunapojifunza kuandika maisha yetu, alirudisha madaftari akiwa amesahau miwani. La kwangu akampa Nelson, wakala wa forodha kule Sirari. La Nelson akanipa mimi. Nikasoma jinsi alivyomlilia ndama wake alipotolewa kwenye mahari ya kaka yake, kwa mwandiko mbaya kuliko yote Tarime, nikayeyuka! Leo tuna wiki tatu za ndoa, jamani, na bado naamka nacheka. Mwalimu alituomba radhi hadi harusini, kwa barua.

Lakini kitabu cha maisha yake mwenyewe kina miaka kumi na moja na hakijavuka ukurasa wa kwanza. Najua, maana karani wa shule anayeuchapa ni mimi. Ukurasa huo unasema kwamba mwaka 1991 alipangiwa shule hii kwa sifa zake. Kila nikimaliza, anauchana.

Wiki iliyopita, Mwalimu akihamisha vitu vyake mezani, Rhobi wa maktaba alimtania kwamba karatasi alizochana zingetosha kuezeka bweni. Mwalimu akatoboa: alipangiwa Mugumu, Serengeti. Alisinzia kwenye basi, akapitiliza njia panda, akaamshwa Tarime. Mkuu wa shule wa wakati ule alikuwa na njaa ya mwalimu wa Kiswahili. Barua ya kupangiwa kazi aliiulizia wiki ya pili, watoto wakiwa wameshamzoea. Miaka yote hii Mwalimu aliogopa kwamba tukijua, tutamwona mgeni aliyepotea njia.

Mwalimu wetu, bila usingizi ule mimi nisingekuwa na mume! Andika hivyohivyo ulivyosinzia. Kamati ya kukuaga ilikununulia kalamu nyekundu kumi na mbili; nimezibadilisha kwa za bluu za kuandikia, wasiniulize.

Asante kwa yote. Pumzika kwa raha huko nyumbani kwako Turwa. Mimi na Nelson wangu tutabisha hodi kabla mwezi haujaisha, kuusoma ukurasa wa pili pamoja na makosa yake.