Jina la tatu kwenye orodha

Waliokuwepo kwenye ubao wa kahawa wa Mama Kanyere, Buleusa, asubuhi ya Alhamisi: Mama Kanyere mwenyewe, mwenye birika; Constantin, mwenye duka kutoka Butembo, aitwaye Redio; Guylain Kanyamibwa, mchimbaji wa madini ya koltani, aitwaye Baramini kwa chuma anachochimbia, mguu umefungwa kitambaa; na Papa Byukusenge, ambaye hakunywa kitu. Siku mbili zilikuwa zimepita tangu polisi wawapige risasi wachimbaji waliokataa serikali ifunge mashimo yao. Mwana wa Papa Byukusenge, Valens, alikuwa huko mlimani kwenye mashimo, na hakuwa ameshuka.

Hilaire, mwenye pikipiki, akafika na orodha ya waliokufa. Majina matatu. Constantin akayasoma kwa sauti. Valens hakuwamo. Papa Byukusenge akaomba kikombe. Jina la tatu lilikuwa Guylain Kanyamibwa.

— Baramini, weye ulishakufa! Mama Kanyere, usimupe tena kahawa.

— Nilikufa saa ngapi, Redio? Mbona hamukuniambia?

— Leta, hii serikali yetu, iko na mayele, ujanja mutupu, kaka. Inakuua kwanza ku karatasi, usirudilie shimo yako.

— Ao iko Guylain mwingine, akasema Mama Kanyere.

— Kanyamibwa wawili mu mulima moja? Apana, Mama. Ule mulima walishauuzisha. Mwenye kuununua anautaka bila bantu, njo maana wanaandika kila muntu amekufa. Kesho utasikia jina yako.

— Mimi sichimbake!

— Unapikiaka wenye kuchimba.

— Pengine nilikufa kweli, akasema Guylain. Toka Jumatatu, huu muguu siusikie.

Hata Papa Byukusenge akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Hilaire peke yake hakucheka.

— Kaka Guylain, haya majina waliyatosha ku makarte, mu mifuko ya wafu. Karte yako iko wapi?

Guylain akautazama mguu wake. Huko mlimani hakuna anayeingia shimoni bila karte, kadi ya kibali ya serikali, na anayeumia humwachia mwenzake karte yake, ili nafasi isipotee. Hapo kijiweni hapakuwa na asiyelijua hilo.

— Ulimuachia nani? akauliza Papa Byukusenge.

Mama Kanyere akainua birika, akaliweka chini bila kumimina.

— Guylain, mutoto wangu, akarudia Papa Byukusenge. Ulimuachia nani?

Valens Byukusenge alikufa siku ya Jumanne, kwenye mlango wa shimo, karte ya Guylain mfukoni, akiwa na miaka ishirini na mitatu.