Mashua Namba Mbili Ilipita, Ikarudi

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile! Asifiwe na wavuvi, asifiwe na wamama wanaoanika chisense, wale samaki wadogo, pale mchangani, asifiwe na sisi tuliovuka ziwa tukikimbia vita na tukapewa mahali pa kulima!

Mnanijua. Nina jina la ubatizo, lakini hapa Nchelenge nyote mnaniita Turisti, kwa sababu sikai mahali. Leo nimesimama mbele yenu kwa mara ya kwanza. Nivumilieni.

Ndugu zangu, mimi niliacha shule nikiwa darasa la tano. Sikufukuzwa. Kiti kilinichoma tu. Mwalimu alikuwa akieleza, na mimi nilikuwa naangalia dirishani nikijiuliza maji yale yanatoka wapi na yanaenda wapi. Siku moja nikatoka kwenda kuangalia, sikurudi. Tangu hapo nimetembea mwambao huu wote. Nimevuta nyavu Mununga. Nimekaa Mofwe nikijifunza kutengeneza mitego ya matete. Mwansabombwe nilifungua injini ya mashine ya kusaga nione kilichomo ndani, nikaifunga tena, zikabaki skrubu mbili mkononi mwangu. Nikaondoka kabla mwenye mashine hajaamka.

Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yangu. Kuondoka. Watu walinilisha, walinipa mkeka, walinifundisha kazi, na asubuhi moja mkeka ulikuwa mtupu. Sikuaga mtu. Nilijiambia kwamba nina akili ya kujua mambo, na mtu wa akili hafungwi na mtu.

Hapa Nchelenge kulikuwa na mama mmoja, Mama Odeta. Anatoka Pweto, upande wa Kongo, ana shamba la mihogo kule kambini kwetu wakimbizi, na anauza samaki wakavu sokoni. Hana mtoto aliye hai. Yeye aliniona nikikaa peke yangu karibu na soko, akaniuliza kama nimekula. Nikamdanganya kwamba nimekula. Akasema, "Basi kula tena." Kutoka siku ile, kila jioni alinifunikia sahani ya bukari, ugali wetu wa mihogo. Nikija, nakula. Nisipokuja siku nne, tano, sahani inafunikwa vilevile. Jirani zake walimcheka. "Mama, unalisha upepo!" Naye aliwajibu, "Upepo unarudiaka."

Sasa sikilizeni habari ya mashua.

Mnazijua zile mashua tatu za kijivu za askari wa maji. Ni dada watatu: mwili mmoja, pua moja, zimetofautiana namba tu. Zinalinda ziwa katika miezi ya kufunga uvuvi, samaki wanapotaga. Zikikukuta na wavu, zinachukua wavu. Ndiyo maana wavuvi tuliziita Mbwa. Mtu akipiga kelele "Mbwa!", kila mtu anajua la kufanya.

Mimi nilizipenda, ndugu zangu. Sitaficha. Namba mbili ilipovutwa ufukweni kutengenezwa, nilikaa mbele yake siku sita. Nilihesabu misumari. Nilichora ubavu wake kwa mkaa kwenye katoni. Fundi wao, askari mmoja mnene mwenye kucheka, alichoka kunifukuza, akaanza kunieleza. Akanionyesha kwamba chini ni bapa, ili iingie hata kwenye matete. Akanionyesha mlango nyuma, unaoshuka hadi usawa wa maji. "Hapa ndipo tunavutia mutu," alisema. Nikashangaa. Nikamuuliza, "Mutu gani?" Akasema, "Mutu anayezama. Unafikiri ilitengenezwa juu ya nyavu? Huu mwili ulitengenezwa kwa kuokoa. Nyavu ni kazi tumeongeza." Tena akaniambia jinsi wanavyotafuta: wanakwenda mbele, wanageuka, wanarudi kando kidogo, kama mtu anayelima matuta. Na akaniambia kile ambacho mashua ile haiwezi kuona. Kitu cheusi, kilicholala chini juu ya maji, dereva anakipita hata kikiwa karibu.

Akanipiga begani. "Turisti, unaijua kuliko vijana wetu wapya. Siku moja utaipanda."

Na mimi nilifanya nini na maarifa yale? Niliyapeleka kwa wavuvi. Niliwafundisha kupaka mashua lami nyeusi. Niliwafundisha kubeba bashi nyeusi, ile plastiki ya kufunika mizigo, na kujifunika nayo wakisikia injini, walale, wasipumue kwa nguvu. Ilifaulu! Walinipa samaki, walinipa sifa. Kutoka hapa hadi Mununga watu walilala chini ya bashi kama Turisti alivyofundisha. Nilijiona profesa.

Basi ikafika siku ile. Mama Odeta alikuwa anaenda kisiwa cha Kilwa, hiki chetu cha hapa ziwani, kuimba na wamama wa kwaya waliotangulia kwenye mazishi. Tulipanda mashua ya Ba Chanda, mvuvi wa hapa, mtu mwema, mwanafunzi wangu wa kwanza wa lami na bashi. Tulikuwa watatu tu. Ilikuwa miezi ya kufunga, na chini ya mifuko ya unga Ba Chanda alikuwa ameficha wavu wake mpya. Mama hakujua. Mimi nilijua.

Mama alivaa kitambaa cheupe cha kichwa, kile cha wamama wa kanisa letu. Mnajua sheria yao: mama hakivui mbele ya mwanaume, hata joto liwe namna gani. Ba Chanda akamtania, "Ba mayo, mama yangu, leo ziwa litafikiri tumebeba bibi-arusi!" Mama akamjibu, "Piga kasia, weye. Bibi-arusi anachelewa."

Mchana ule upepo ulitoka upande wa Kongo bila kutuambia. Mnaujua ule upepo. Maji yalisimama kama kuta. Wimbi la kwanza lilichukua mifuko, la pili likatupindua. Nilimshika Mama kwa nguo. Ba Chanda alishika mashua, sisi tukamshika Ba Chanda, na wote tukabaki tunaning'inia kwenye tumbo la mashua iliyopinduka. Bashi ilikuwa bado imefungwa kwa kamba, ikaelea kando yetu. Wavu nao ulikuwa umejisokota kwenye kiti, chini yetu.

Upepo ulipita, mvua ikabaki. Tulikaa ndani ya maji muda mrefu sana. Mama alikuwa anaimba polepole. Baadaye akaacha kuimba, na midomo yake ikabadilika rangi. Nilikuwa nimepitisha mkono chini ya kwapa lake, nikasikia mwili wake unakuwa mzito. Nilijua. Nimeona watu waliozama. Mama yangu alikuwa anaondoka.

Hapo ndipo tuliposikia injini.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya Mungu. Ba Chanda alisema, "Mbwa!" Na mkono uliovuta bashi juu ya vichwa vyetu ulikuwa mkono wangu. Sikufikiri. Mkono ulijua kazi yake. Tulilala kando ya ile lami nyeusi, chini ya plastiki nyeusi, na mashua namba mbili ikapita karibu hivi kwamba mawimbi yake yalitupiga usoni. Nikasikia askari akiita, "Kuna mtu?" Tukanyamaza. Tulikuwa tunakufa, na tulinyamaza! Injini ikaenda, ikaenda, ikawa ndogo.

Chini ya bashi kulikuwa na giza, na uso wa Mama ulikuwa karibu na wangu. Akafungua macho.

"Turisti, mutoto yangu. Tunamukimbia nani? Si bale banatutafuta?"

Nikasema, "Mama, kuna wavu chini."

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, bila hasira hata kidogo: "Wavu iko na mama yake ya kuililia?"

Ndugu zangu, nililia. Nililia ndani ya ziwa, ambako machozi hayaonekani. Maisha yangu yote yalinijia: mikeka mitupu, sahani zilizofunikwa, watu waliotoka nje asubuhi kuniita na mimi nimekwisha kufika barabarani. Nilisali. Sala yangu haikuwa nzuri kama zenu. Nilisema tu, "Bwana, warudishe. Safari hii sitajificha."

Na moyoni nikakumbuka matuta! Fundi aliniambia: wanageuka, wanarudi kando kidogo. Watarudi! Lakini hawatatuona, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyefundisha namna ya kutoonekana. Kila kitu chetu kilikuwa cheusi, kwa mikono yangu.

Nikaivuta ile bashi, nikaikata kamba kwa meno, nikaitupa. Ba Chanda akanikamata. "Iwe, Turisti! Watanifunga! Wavu wangu ni mpya!"

"Ba Chanda, mwangalie Mama."

Akamwangalia. Naye ana mama, kule Chienge. Akaachia shati langu.

Nikasema, "Ninahitaji kitu cheupe." Sikumwangalia Mama. Niliona haya kumwomba. Ni yeye aliyesikia. Alinyanyua mikono yake yote miwili, nikiwa nimemshika asizame, akakifungua kile kitambaa polepole, mzunguko baada ya mzunguko, kama vile yuko chumbani mwake. Nywele zake ni nyeupe zote. Sikujua. Akaniwekea kitambaa mkononi. "Njo hiki cheupe unatafuta. Panda."

Nilimkabidhi Mama kwa Ba Chanda, akamkumbatia kwa mkono mmoja kama mtoto. Nikapanda juu ya tumbo la mashua. Lami inateleza! Nilianguka mara mbili. Mara ya tatu Ba Chanda alinishika kisigino kwa mkono wake wa pili, sijui yeye mwenyewe alishikwa na nani. Nikasimama. Injini ikarudi kusikika, ndogo, halafu kubwa. Nikakitikisa kitambaa cha mama yangu na nikaita. Mimi ambaye maisha yangu yote niliondoka kimya, niliita hadi koo likachubuka: "Tuko hapa! Tuko hapa!"

Pua ya kijivu ikageuka. Haleluya! Ikageuka!

Ule mlango wa nyuma ukashuka hadi usawa wa maji, kama nilivyouchora kwenye katoni. Na aliyepiga magoti pale mlangoni, ndugu zangu, alikuwa yule fundi mnene. Alimpokea Mama kwanza. Alimvuta taratibu sana, akimwambia, "Polepole, Mama, polepole, hapa ni nyumbani." Wakamfunika kwa blanketi mbili. Kisha akanipa mkono mimi. Akanitazama, akacheka huku macho yamelowa. "Turisti! Si nilikuambia utaipanda?"

Halafu akaacha kucheka. "Wamama wa kwaya walipiga simu kutoka kisiwani, kwamba mashua haijafika. Tulipita hapa kwanza. Mbona hamkuitika?"

Nikamwambia. Kila kitu. Lami, bashi, na nani aliyefundisha. Ba Chanda naye akasema habari ya wavu kabla hajaulizwa. Fundi aliangalia maji. Akasema, "Mwaka huu tumetafuta mashua mbili hatukuzipata." Ndugu zangu, hilo nimelibeba, na ninalibeba hata sasa ninapozungumza. Nimemwomba Mungu msamaha juu yake, na wale waliopoteza watu wao nimewaomba uso kwa uso.

Wavu ulichukuliwa. Ba Chanda alienda kujieleza, mimi nilienda naye, tukasikilizwa, tukakaripiwa kama watoto, tukarudi nyumbani kwa miguu yetu. Mama aliugua kifua siku nyingi. Kila asubuhi miguu yangu iliniwasha. Barabara ilikuwa pale! Lakini nilichota maji, nikapika uji, nikaunguza uji, nikapika mwingine. Jioni moja nilichelewa kutoka mtoni, nikakuta Mama ameamka, na sahani imefunikwa. Nikaketi, nikala mbele yake, na nikalala pale. Nipo pale hadi leo.

Natembea bado, sikatai. Nimerudi Mununga, nimerudi Mofwe, kila nilikofundisha kujificha, nikiwaambia nilikosea. Mwansabombwe nilirudisha skrubu mbili. Mwenye mashine alinitukana kwanza, halafu akanipa chai. Lakini sasa naaga ninapoondoka, na narudi siku niliyosema. Mkiona kitambaa cheupe kwenye mlingoti wa mashua, wamama wa kwaya ndio walioshona. Ba Chanda alikuwa wa kwanza kukifunga.

Ndugu zangu, labda kuna mtu hapa amelala chini ya bashi yake. Unasikia kuna anayekuita, na mkono wako umezoea kufunika. Nakuomba, kwa upole wote: usinyamaze. Yeye hakuja kuchukua wavu wako. Amekuja na mlango wazi, hadi usawa wa maji. Alipita jana, na leo anarudi kando kidogo. Itika!

Asante, Bwana wangu, uliyerudi. Asanteni nanyi kwa kunisikiliza.

Mama Odeta yuko pale, benchi ya pili, na kitambaa kipya. Mama, tafadhali, simama wakuone.

Mwisho ni huo. Kuna nafasi kando yake, ameniwekea. Naenda kukaa.