Namba ya Simu Chini ya Picha

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya karakana ya mabango, pale barabara inapokata kona. Bawaba moja bado imo, na mgeni akikaa vibaya huinuka suruali imechanika. Wenyeji ni wanne. Brashi, mwenye karakana, huchora mabango ya maduka, saluni na wauza matairi. Besi hupiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi. Ni mrefu kama ngazi na sauti yake nyembamba kama ya kitoto. Nukta anaandika michezo ya redio, na jina hilo walimpa kwa kejeli, maana akianza kusema hajui nukta iko wapi. Wa nne ni Shangazi, mwenye birika la kahawa, shangazi wa kila anayekunywa na hata wa wasiokunywa. Asubuhi hiyo walikuwa wameketi kuitazama picha iliyoegemezwa ukutani. Gari la ukumbi wa maonyesho lilikuwa njiani kuja kuichukua, na ndani yake anakuja mtu wa kuzungumza na Brashi kuhusu maisha yake ya sanaa.

Ilikuwa picha ya mke wa Brashi akitunga uzi kwenye sindano. Mke huyo ni fundi cherehani, na Brashi alimkuta hivyo siku moja mlangoni: kichwa kimeinama, ncha ya uzi imelowa mdomoni, jicho moja limefumbwa ili jingine lione tundu. Brashi aligeuka palepale. Alirudi karakana akachora mstari wa shingo ile juu ya kifuniko cha kopo, kabla haujamtoka. Tangu aanze kazi hajawahi kuchora kitu ambacho hakuna mteja aliyekiomba. Hiki kilikuwa cha kwanza, na ukumbi ulikikubali hata kabla hakijaisha.

— Iko safi, alisema Besi, akiinama. Iko safi sana, kaka. Lakini hapa chini umeandika nini?

— Wapi?

— Hapa. Kwenye kona. "PIGA", halafu namba.

Brashi alisogea. Moyo ulimshuka hadi kwenye kandambili. Kweli, kona ya chini kulia, kwa herufi nzuri zilizonyooka, mkono wake ulikuwa umeandika kile unachoandika kwenye kila bango tangu karakana ifunguliwe. Alipomaliza kivuli cha meza jana jioni, mkono haukuuliza mtu. Uliteremka wenyewe kama punda anayerudi zizini.

— Ee Mungu wangu, alisema Brashi.

— Na hiyo namba ni ya nani? aliuliza Nukta, ingawa alijua.

Kila mtu mtaani alijua. Kwenye mabango yote ya Brashi namba iliyopo ni ya mkewe. Mikono ya Brashi huwa na rangi, na hata ikiwa safi, Brashi hajui kukataa. Kasoro hiyo huitaja kwa jina kila anapopiga magoti kusali. Mteja akisema herufi ziwe nyekundu, sawa; mkwe wa mteja akisema ziwe za kijani, sawa vilevile. Ndiyo maana kazi zinapokelewa na mkewe, na mambo yanakwenda.

Shangazi aliweka birika chini. Aliitazama picha, akaitazama namba, akairudia picha.

— Hebu ngojeni. Mwanamke amefumba jicho moja.

— Anatunga uzi, Shangazi.

— Wewe unajua anatunga uzi. Mimi nasimama mbali, uzi sioni. Ninachoona ni mke wa mtu anakonyeza, na chini yake kumeandikwa piga simu!

Besi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nukta alishika mbavu. Brashi hakucheka. Alikuwa anauona ukumbi umejaa wanaume waliovaa vizuri, kila mmoja ananakili namba.

— Nafuta, alisema, akaingia ndani kutafuta kopo la rangi ya kahawia, ile ya meza.

— Usifute! Nukta alipaza sauti. Keti. Keti nikwambie. Wewe unadhani umeandika namba ile? Hukuiandika. Mkono wa msanii una akili zake. Kichwa kinafuata nyuma kama mkia. Mimi nilipoandika ule mchezo wa mhudumu wa chumba cha maiti, nilitaka afe kwenye sehemu ya pili. Mkono ukakataa. Nikaandika "akafa", nikashangaa naona "akafagia". Akafagia sehemu saba nzima, na wasikilizaji wakampenda.

— Ulikuwa na usingizi, alisema Shangazi.

— Usingizi ndio ofisi yangu!

— Mkono hauna akili, alisema Besi, akijifuta pua. Kitu kipo hewani tayari. Nyimbo zote ziko hewani, zimejaa, tunapishana nazo. Kazi yako ni kuwa na sikio. Ule mpigo wangu ambao maharusi wote wanautaka, unajua nimeutoa wapi? Kwenye friji ya mama mkwe. Nililala sebuleni kwake, friji ikawa inanguruma: dum, du-dum, inakaa kimya, dum. Nikaamka nikachukua gitaa. Sasa friji ile imeharibika, nami tangu hapo sijapata mpigo mwingine.

— Si umnunulie mama mkwe friji nyingine!

— Nimemnunulia. Hii mpya haina sauti kabisa. Teknolojia inaua muziki.

Brashi alitoka na kopo mkono mmoja na brashi mkono mwingine. Alichuchumaa mbele ya picha. Rangi aliyoshika ilikuwa ileile ya meza, lakini ile ya kwenye picha ilishakauka na kupauka kidogo, na yeye, kwa ufundi wake, alijua kiraka kingeonekana. Juu kidogo ya namba ulipita mkono wa mkewe, na kivuli cha mkono huo kiliangukia herufi ya kwanza. Kufuta namba ni kugusa kivuli. Kugusa kivuli ni kugusa mkono. Ukishagusa mkono, utaishia wapi?

— Au nifumbue jicho, alisema. Nikifumbua jicho, namba haina neno.

— Ukifumbua jicho hatatunga uzi, alisema Besi. Atajichoma.

— Katika picha hachomeki mtu.

— Mtazamaji atachomeka! Mimi nitachomeka!

— Kata kona, alisema Shangazi. Hiyo ni plaiwudi tu. Lete msumeno, kata kona yote, waambie ndivyo picha za siku hizi zilivyo.

— Shangazi!

— Mnaniita Shangazi nikisema ukweli, nikikopesha kahawa mnaniita mpenzi.

Nukta alikuwa amesimama sasa, na Nukta akisimama watu hushika vikombe vyao kwa mikono miwili.

— Sikilizeni. Tunadhani hili ni kosa. Hili ni jambo jipya duniani! Picha zote zilizowahi kutundikwa, mtazamaji anasimama, anaitazama, anaona mtu, anatamani kumwuliza kitu. Anamwuliza kwa njia gani? Hana njia. Mtu wa pichani amekaa kimya. Leo, kwa mara ya kwanza, mtazamaji anapiga, na mtu wa pichani anapokea! Kesho kila mchoraji ataiga. Sanamu zitakuwa na namba. Farasi wa kwenye picha atakuwa na namba. Wachoraji waliokufa, serikali itabidi iwape laini zao, watu wapige waulize, "Bwana, hii bluu uliichanganya na nini?"

— Na waliokufa watapokea? aliuliza Besi.

— Wataweka wimbo wa kusubiri. Utakuwa wako, Besi! Dum, du-dum!

Hapo hata Brashi alicheka, na kwa kucheka kule akapata nguvu kidogo. Ni kweli, alijiambia, kazi ni nzuri. Alilijua hilo kama anavyojua mstari ulionyooka bila rula. Shingo ilikuwa shingo. Uzi ulikuwa umelowa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na kitu ambacho asingekionea aibu mbele ya mtu yeyote, na kilichobaki ni kona moja.

— Basi niache namba, alisema.

— Iache, alisema Nukta.

— Ifute, alisema Besi, nimebadili mawazo. Wanaume ninawajua, nawapigia harusini.

— Basi nifute.

— Kata, alisema Shangazi.

— Au nikate?

Brashi alijisikia akisema hivyo, akafadhaika. Alikuwa amekubali mambo matatu kwa pumzi moja.

Gari likapiga honi. Alishuka mwanamke mwenye miwani, dada wa ukumbini, amebeba shuka la kufungia picha na kinasa sauti kidogo cha kuning'iniza shingoni. Alisalimia wote vizuri, akamwamkia Shangazi, na Shangazi akampenda papo hapo akammiminia kahawa. Akakaa vizuri, mbali na bawaba. Akabonyeza kinasa, taa nyekundu ikawaka.

— Nimekuja kuzungumza na msanii, alisema. Ni nani?

— Sisi, walisema Besi na Nukta kwa pamoja.

— Mchoraji ni huyu, aliongeza Nukta kwa unyenyekevu mkubwa, lakini ana haya, tutamsaidia. Sanaa yake, dada yangu, inatoka mkononi. Andika hivyo. Kichwa kinafuata.

— Inatoka hewani, alisema Besi.

— Mkononi!

— Hewani inapita, mkononi inafika. Tumekubaliana.

Dada wa ukumbini aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Macho yake hayakuwa kwao. Alikuwa anaitazama picha, na uso wake ulilegea, kama watu wanavyolegea wanapovua viatu. Alisimama, akaisogelea. Alifika hadi kona, akasoma, akatabasamu kidogo.

— Hii ni namba yako?

— Ya mke wangu, alisema Brashi. Ni huyo. Imeingia kwa bahati mbaya. Naweza kuifuta sasa hivi, naweza kuiacha, tunaweza hata... ninyi mnapendaje huko ukumbini?

— Sisi tutaitundika vyovyote ilivyo. Aligeuka. Na yeye mwenyewe ameionaje?

— Nani? aliuliza Besi.

— Huyu mama. Amesemaje alipoiona?

Nukta alifungua mdomo. Wote walimsikia akiufungua. Kisha akaufunga, na benchi zima likashuhudia nukta ya kwanza ya Nukta. Besi alianza kuchunguza kucha zake. Shangazi alitazama ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Siku zote ambazo picha ile ilikuwa ikichorwa, Besi alisema kuhusu mwanga, Nukta alisema kuhusu pua, Shangazi alisema rangi ya gauni imezidi, na hata dereva wa gari la maji alisimama akatoa maoni. Taa nyekundu iliendelea kuwaka, kinasa kikirekodi kelele za barabara.

Brashi alikuwa amechuchumaa na kopo lake. Kila jioni alikuwa akiifunika picha kwa gunia kabla ya kurudi nyumbani, akijiambia anataka kumshtukiza mkewe. Ungekuwa uongo mtamu, kama angekuwa mtu wa kuweza kumdanganya Mungu. Alikuwa anaogopa. Maneno ya watu wengine wote aliweza kuyakubali hata yakigongana. Neno la mke wake lingekuwa moja tu, na angelazimika kulibeba.

Alifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu. Namba hakuitafuta, alisoma iliyopo pichani, kwa kuwa ilikuwa mbele ya macho yake.

— Karibu, ilisema sauti ya mkewe, ile ya kupokelea wateja, maana alikuwa na kitambaa mkononi na hakuangalia ni nani. Bango au ukuta?

— Picha, alisema Brashi.

— Ni wewe? Picha gani?

— Yako. Nimekuchora ukitunga uzi. Nimeimaliza jana.

Cherehani iliyokuwa ikilia upande wa pili ilinyamaza.

— Nani ameagiza?

— Hakuna. Nimechora tu.

Brashi alisikia mkasi ukiwekwa mezani.

— Umenichora vizuri?

Nukta, aliyekuwa ametega sikio karibu na simu, aliinamisha na kuinua kichwa kwa nguvu kumwonyesha aseme ndiyo. Brashi alimgeuzia mgongo.

— Vizuri, alisema. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Ila umefumba jicho moja, na nimekosea, nimeandika namba yako chini kama kwenye mabango. Gari la ukumbi wa maonyesho liko hapa kuichukua. Wengine wanasema nifute, wengine niache. Shangazi anasema nikate.

— Mwambie Shangazi namsalimia. Kisha sauti ikashuka. Mume wangu, hiyo picha umechora wewe, au mmechora na benchi?

Brashi aliitazama shingo ile, uzi ule uliolowa, jicho lile lililofumbwa ili jingine lione.

— Mimi, alisema.

— Basi usiguse kitu. Nakuja kuiona.

Simu ikakatika. Dada wa ukumbini alikaa tena, akanyoosha kikombe aongezewe. Brashi alichukua kifuniko cha kopo la rangi ya kahawia, akakiweka sawasawa juu yake, akakigonga kwa ngumi pande zote mpaka kikashika.