Farasi Ana Jina, Binti Mfalme Hana

Pu! Hivyo tu ndivyo kitabu kilivyolia usiku wa Jumanne, kilipofungwa kwa mkono wa Mama Shaun, na tangu hapo mumewe, mzee Kirimi, hajatulia nyumbani kwake. Sasa ni Ijumaa asubuhi. Ameketi na wenzake kwenye benchi lao ndani ya duka kubwa la Agincourt, huku Kanada, pale ngazi za umeme zinapoishia. Nje theluji inashuka polepole. Ndani kahawa inafuka kwenye vikombe vya karatasi. Wenzake ni wawili: Nyakundi, aliyeendesha basi la jiji mpaka akastaafu, ndiyo maana wanamwita Breki; na Feroz wa Mwanza, anayeitwa Balozi kwa kuwa hakuna nchi asiyoisemea. Kirimi mwenyewe ni Blanketi. Hata Julai huvaa sweta.

—Hebu anza tena, Blanketi, alisema Breki. Kitabu kilikuwa cha nini?

—Cha mjukuu wangu, Mumbi. Hadithi za Ulaya za kale. Binti mfalme amefungiwa mnarani, mwana mfalme anakuja na farasi. Sasa mtoto ananiuliza, kwa Kiingereza chao hicho: babu, farasi ana jina, mbwa ana jina, hata upanga una jina. Mbona binti mfalme ni binti mfalme tu?

—Swali zuri hilo, bwana, alisema Balozi. Ukamjibuje?

—Nikamwambia, jina la nini, na kila mtu anajua ni yeye? Kama nyanya yako. Mimi humwita Mama Shaun, na anaitika.

—Na nyanya alikuwa wapi?

—Mlangoni.

Breki alijipiga paja, kahawa nusura imwagike.

—Akaingia, akaninyang'anya kitabu, pu! Tangu hapo haitiki. Na hajakasirika, jamani! Chai anapika, anacheka, jana ameniongezea maziwa. Lakini nikisema Mama Shaun, ni kama nasema na friji. Sasa nifanyeje?

Kijiwe ni kijiwe. Wenzake walimwacha na friji yake, wakamkimbilia binti mfalme.

—Mimi naona ni usalama, alisema Balozi. Enzi hizo jina lilikuwa kama namba ya siri ya benki. Jitu la msituni likilijua tu, limeshaingia ikulu.

—Wacha bana! Waandishi walikuwa waoga, alisema Breki. Mfalme ana mabinti saba. Ukiandika jina la mmoja, sita wanakuja kwako na fimbo.

—Si wangewaandika wote saba?

—Kwa wino wa nani? Halafu sikiza, Balozi. Hawa wasichana hulala miaka mia. Akiamka, kitambulisho kimekwisha muda, waliomjua wote wamezikwa. Anaenda ofisini. Wewe ni nani? Mimi binti mfalme. Wanaandika hivyo hivyo!

—Halafu wanamwuliza kama ana uzoefu wa kazi wa hapa Kanada.

Kirimi naye akashindwa, akacheka. Pembeni mwa benchi, msichana aliyevaa sare ya uuguzi chini ya koti alikuwa anacheka pia.

—Samahanini wazee wangu. Naitwa Cherono. Nimesikia Kiswahili nikashindwa kuondoka. Sasa wake zenu, mlipoanza kuwaita mama fulani, nani aliwauliza kama wanapenda?

Breki akamtazama Balozi. Nyumbani kwa Breki ni Mama Brice. Kwa Balozi ni Mama Rehan.

Kirimi hakuwa amelisahau jina la mkewe. Mara ya mwisho alilitamka kule kwao Nkubu, kabla Shaun hajazaliwa, akiwa kijana anayesimama nje ya duka la baba wa msichana akijifanya anataka kiberiti. Kisha mtoto akaja, na kwao mama wa watoto haitwi jina ovyo; ni heshima. Heshima hiyo ikaingia mpaka chumbani. Sasa aliliogopa, kama mtu anavyoogopa kujaribu suti yake ya harusi.

—Blanketi, alinong'ona Breki. Huyo.

Mama Shaun alikuwa anashuka na ngazi, mfuko wa mboga ya sukuma mkononi. Walikuwa wamepatana kurudi nyumbani kwa basi moja.

—Mama Shaun!

Alipita mbele yao, shingo imenyooka, tabasamu limebanwa pembeni mwa mdomo, akaelekea mlango wa kituo cha basi.

Kirimi akasimama. Akavuta sweta chini, akakohoa. Mlango wa vioo ulikuwa unajifungua wenyewe, baridi inaingia, na mke wake alikuwa ameshainua mguu kutoka. Basi akapaza sauti juu ya vichwa vya watu wote waliopanga foleni ya kahawa:

—Kagendo!