Gsälz Iko Wapi?

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Mkurugenzi wetu, Daktari Sieglinde Wurster. Mchungaji uliyekubali kuja kuibariki mashine ingawa haijabatizwa. Bwana Torsten Ahlers na wataalamu wenzako mliotoka Hamburg. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wenzangu wa ghalani mliojipanga karibu na saladi ya viazi kana kwamba itatoroka: nawasalimu nyote, kila mtu kwa kiti chake.

Nimepewa heshima mbili leo. Ya kwanza ni kusema, na kusema sijawahi kuogopa tangu nizaliwe. Ya pili ni kubonyeza kitufe hiki chekundu kilichopo mezani, kitakachomzima Bibi, mfumo wetu wa zamani wa kompyuta, na kukikabidhi kiwanda kizima kwa mfumo mpya. Hiyo ya pili imenitoa jasho tangu asubuhi, na ukumbi huu una baridi.

Mnanijua. Mimi ni Eberhard Knöpfle, mkuu wa ghala, ambaye hata wasio ndugu zangu wananiita Mjomba. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini ni nani hapa asiyejua kwamba siku Bibi alipoletwa, wanaume wazima walishindwa kumpandisha ngazi, nikambeba mgongoni peke yangu, na nilipofika juu nikauliza kama kuna kingine? Ni nani asiyejua kwamba majira ya baridi tulikuwa tukioka mikate juu ya kifuniko chake, kwa joto la mawazo yake?

Mnacheka. Chekeni. Nitarudi kwenye kicheko hicho.

Kabla ya Bibi, ndugu wageni, kila idara hapa ilikuwa na programu yake, na programu hizo hazikuamkiana. Ghala lilikuwa na ukweli wake, manunuzi walikuwa na ukweli wao, mishahara nayo ilikaa chumbani kwake mlango umefungwa. Manunuzi wakisema skrubu zipo, ghala likisema hazipo, kiwanda kikisimama, wakubwa wanakuja kuuliza nani mwongo. Baadaye ikaja programu ya kupiga hesabu ya vifaa: ukitaka kutengeneza kitu kimoja, inakuambia unahitaji springi ngapi na mipira mingapi. Tukaona tumefika mbinguni. Kisha akaja Bibi, akazikusanya programu zote chini ya paa moja, kama mama mkwe anayewaambia wake za wanawe kwamba kuanzia leo chungu ni kimoja.

Na ile nyumba ya Bibi naijua. Ina ghorofa tatu. Juu kabisa kuna dirisha, ndiyo skrini tunayoigonga. Katikati wanakaa watu wakali, ndizo kanuni: hiki ruhusa, kile hapana, huyu aidhinishe kwanza. Na chini kabisa kuna stoo, ile ya chini ya ardhi ambayo sote tunayo majumbani, yenye viazi na mitungi ya jamu. Humo ndimo kila neno tuliloandika limewekwa. Uzuri wa nyumba hiyo ni kwamba stoo ni moja. Ubaya wake ni kwamba stoo ni moja. Ukiweka mtungi mbovu, anaukuta muuzaji, anaukuta mhasibu, anaukuta mpaka dereva wa lori.

Sasa huyu mpya, ambaye sisi wa ghalani tumempa jina la Mkwe, stoo yake haiko hapa tena. Iko kwenye wingu. Nilimwuliza Bwana Ahlers wingu hilo liko wapi, akasema ni kompyuta za watu wengine, mbali. Kwa hiyo tumeihamisha mitungi yetu yote kwenye stoo ya jirani tusiyemjua. Mitungi yote, ndugu zangu. Na ile ya Gsälz.

Naona wenyeji wameinamisha vichwa. Wageni, subirini kidogo.

Kiwanda hiki kinatengeneza vali ndogo, vimilango vya hewa vya mashine zinazowapumulisha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ukiandika oda ya hospitali, Bibi alikuwa na kisanduku kimoja kilichouliza: mahali pa kushushia mzigo? Hospitali hazihitaji kisanduku hicho, mzigo unakwenda mlangoni kwao. Lakini watu wakali wa ghorofa ya kati hawakukuruhusu kupita ukikiacha kitupu. Marehemu Gotthilf wa mapokezi alikuwa anakula mkate wake, kisanduku kikamwuliza, naye akaandika alichokiona mkononi: Gsälz. Bibi akasema asante, akapita. Kuanzia siku hiyo, kila mtu wa kiwanda hiki, na naapa hata wakubwa, akiulizwa asichokijua na mashine, aliandika Gsälz. Ilikuwa desturi yetu. Wageni walifundishwa neno hilo kabla ya kuonyeshwa choo. Na Bibi hakukisoma kisanduku hicho hata mara moja, kwa kuwa Bibi ni mtu mzima, anajua lipi la kusikia na lipi la kuliacha lipite.

Mkwe anasoma kila kitu.

Wiki iliyopita tulifanya jaribio. Nikaitazama skrini, nikaona vali zote za hospitali, za nchi nzima, zimepangiwa safari ya kwenda mahali pamoja. Nikamwita Bwana Ahlers.

"Bwana mkubwa, Gsälz ni nini?"

"Si mji?" akasema. "Nilidhani ni kijiji huko milimani kwenu. Mfumo ulikataa mahali pasipo na anwani, nikakipa anwani ya muda. Egesho la malori kando ya ziwa."

"Ni jamu, baba. Ya kupaka mkate."

Hakucheka. Alikuwa mweupe akazidi. Simlaumu. Mtu wa Hamburg atajuaje jina tunaloipa jamu sisi Waswabia, watu wa huku kusini, ambalo hata vitabuni halimo? Akaniambia, "Mjomba, nitaisafisha." Na siku ya pili akaniambia, "Mjomba, nimeisafisha. Lala."

Sikulala. Nitawaambia kwa nini.

Annegret, binti wa dada yangu marehemu, amejifungua kabla ya wakati. Mtoto anaitwa Rosalie. Ni mdogo kuliko mkate wa dukani. Analala hospitali ya watoto, na kila pumzi anayovuta inapita kwenye vali iliyotoka ghalani kwangu. Vali hizo hubadilishwa kila mara, na walizonazo zitawavusha sikukuu hii ya Pentekoste, kisha basi. Jana nilikaa na Annegret kando ya kisanduku cha kioo anamolala mtoto.

"Mjomba, vali za Jumanne zitafika?"

"Zitafika, mwanangu."

"Usinipe hadithi zako leo."

"Si hadithi."

"Basi apa."

Ndugu wageni waalikwa, mimi ninayeapa hata kwamba nilimshinda nguruwe mwitu kwa kumkazia macho, sikuapa. Nilitazama kifua cha yule mtoto kikipanda na kushuka, kila kikishuka nikawa nangoja kama kitapanda.

Asubuhi hii niliwaambia wenzangu kwamba naogopa. Wakasema nini? Lothar wa karakana, upo hapo, usijifiche nyuma ya nguzo. Ulisema, "Mjomba anaogopa kitufe, kesho atatuambia kilimng'ata." Mkacheka, na nilistahili. Hilo ndilo jambo linalonitisha kuliko yote. Mkwe anaamini kila anachoambiwa, hata jamu. Nyinyi hamniamini hata ninaposema mvua inanyesha na nguo zangu zimelowa.

Kwa hiyo leo sikuja na maneno yangu. Nimekuja na shahidi.

Yule bwana mwenye koti la bluu, anayekula karibu na mlango, si mgeni mwalikwa. Anaitwa Ireneusz, ametoka Poland, na ni dereva. Saa sita mchana alifika getini. Mkwe alikwishamwita mwenyewe, kabla ya kitufe, kabla ya baraka, kabla ya hotuba. Vijana wa zamu walikwisha kumpakilia makasha ya vali kama karatasi yake ilivyosema. Akaniuliza swali moja tu: "Mzee, hii Gsälz iko wapi? Simu yangu inanipeleka kwenye egesho tupu kando ya ziwa."

Ndugu Ireneusz, simama tafadhali, wakuone. Inua karatasi hiyo juu. Bwana Ahlers, isome wewe, mimi miwani yangu ina ukungu.

Mkurugenzi, sina ugomvi na Mkwe. Ana akili kuliko sisi sote, atatufaa, na siku moja nitajisifu kwamba mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Lakini naomba Bibi aachiwe pumzi yake mpaka kila oda ya hospitali iwe imesomwa na mtu mwenye macho, na anayejua kula Gsälz. Kitufe hiki nakisogeza upande wako, taratibu, kisha mikono juu. Mimi sikibonyezi. Ukitaka kukibonyeza, kibonyeze wewe, nami sitakuwepo kuona.

Namshukuru Mheshimiwa Meya, nawashukuru wapishi, namshukuru Mchungaji, na namwomba baraka zake azielekeze barabarani. Mmenipa masikio yenu, na leo kwa mara ya kwanza nayahitaji kweli, Mungu awalipe.

Ireneusz, maliza hiyo saladi, twende. Nitakaa mbele. Njia ya hospitali naijua.