Uchochoro wa Maji Siwarithishi

Nisikizeni, wanangu, na simu zenu zizimeni, maana haya ninayowausia sikuhadithiwa na mtu: niliyashuhudia yote mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili, na maji yamenifika hapa kifuani. Daktari asema ngiri ni kisu cha nusu saa, jioni nitakunywa uji. Daktari ni kijana. Mtu mashuhuri kama mimi, ajulikanaye mtaa mzima wa Kuze, haingii chumba cha upasuaji bila kuacha wosia. Na Sista Zilpah amekwisha kunidunga sindano ya usingizi, kwa hiyo msinikatize.

Mejumaa, mwanangu wa kwanza, nyumba ni yenu nyote wawili, kadhi atawagawia mafungu yenu na mimi hapo sina neno. Neno langu liko kwa ndugu yako. Msellem, usijifanye watazama dirisha. Nimepata habari kwamba umeagiza matofali, na fundi Nicanor umemwambia aanze mkesha wa Idi, ili ofisi za kaunti zikifunguliwa baada ya sikukuu zikute duka limeshasimama katika uchochoro ulio ubavuni mwa nyumba yetu. Werevu huo, baba, hukuuzua wewe. Ni wangu. Niliutumia miaka kumi na moja iliyopita, nawe uko Lamu kwa nyanyako.

Uchochoro ule ndiko maji ya mtaa mzima hupitia mvua inaponyesha, yakiteremka kwenda baharini. Wazee waliotujengea hawakuwa na ramani, walikuwa na akili, wakauacha wazi. Mimi niliyeishia darasa la sita nikaona wazee wamepoteza kiwanja bure. Nikangoja Idi ya kuchinja, nikaita mafundi wanne, siku tatu ukuta ukasimama, umenyooka kama alifu. Jirani yetu Jusab, muuza kanga wa Biashara Street, akanitazama kutoka barazani kwake.

"Bwana Shee, maji umeyapa notisi?"

"Maji hayana hati ya kiwanja, Jusab," nikamwambia. "Hati ninayo mimi."

Wahenga walisema mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, nami Idi nilifaidi kweli, wali na mbuzi. Siku ya tisa mvua ya vuli ikafunguka. Maji yakaja kwa njia yake ya miaka yote, yakaukuta ukuta wangu, yakasimama kama yanayousoma, kisha yakageuka kushoto yakaingia kwa Jusab bila hodi. Mkewe, Bi Sugrabai, mtu mzima yule, akapanda kitandani na cherehani mapajani, akanipigia kelele dirishani: "Shee! Njoo uchukue maji yako, yamepotea njia!" Wallahi nilicheka. Nilicheka mpaka yakanitokea na mimi, kwa shimo la choo.

Hapo nikashika nyundo. Nikasema, nimejenga mimi, nitavunja mimi; nikaupiga mapigo saba, ukaanguka, maji yakapita huku yakinishukuru. Lakini kanga za Jusab alizoziweka nyumbani zilikuwa zimekwisha kuchuja rangi, marobota kwa marobota, na Bi Sugrabai aliteleza akishuka kitandani, na mguu wake mnauona hadi leo, hauendi bila mkongojo.

Asubuhi akaja Odera, mkaguzi wa majengo, na futi yake na rangi nyekundu. Nikamtolea kahawa na haluwa. Kahawa akanywa, na bado akaandika kosa langu. Akaniambia, "Mzee, hukukatazwa kujenga. Umekatazwa kuziba." Basi nikaleta mchoraji, nikapeleka michoro kaunti na kwa watu wanaotunza Mji wa Kale, nikangoja miezi mitano, nikapata kibali cha kuinua sakafu ya sebule ngazi tatu. Mwaka juzi mtaa mzima ulipokuwa ukiteka maji vyumbani kwa ndoo, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa juu, wakavu, twanywa chai.

Kwa hiyo, Msellem, duka litake, si vibaya. Chumba cha mbele kigeuze duka, peleka mchoro, ungoje kama nilivyongoja. Nyumba nawaachieni. Uchochoro siwaachii, maana haukuwa wangu hata siku moja. Sasa mpigie Nicanor. Hapa hapa, mbele yangu. Asema nini? Ameshachimba msingi? Afukie! Mwambie Mzee Shee yuko juu ya kitanda cha mauti na asema afukie! ... Eh? Amekubali? Haya, Mungu ambariki, na matofali ayarudishe dukani.

Ulimi wanilemea. Mejumaa, kile kibali cha zamani... ki kabatini, chini ya kanzu zangu... kiwe kielelezo chenu. Msigombane. Msinililie zaidi ya siku tatu, mtaharibu macho. Mungu awape sakafu kavu, na rizki isiyopita mlangoni kwa jirani... na majirani wa kuwaambia kweli...

Msellem, sogea. Karibu zaidi. Dada yako asisikie. Ile nyundo... sikuishika mimi. Ni Bi Sugrabai, alitoka na mchi wa kinu, na mguu aliumia pale, akivunja. Mimi... mimi nilikuwa upande wa pili, nimeukumbatia ukuta usianguke.