Uoga Ambao Linah Chepkurui Aliuficha Jikoni

Mchungaji, wazee wa Kuresoi, majirani, na nyinyi wateja wake mliopanda huku juu kutoka Nakuru na matope haya yote, mimi ni Kiptanui, kaka yake marehemu Linah, na familia imeniomba niwasomee maisha yake. Yeye mwenyewe aliniomba kitambo kwamba siku hii ikifika nisifiche ugonjwa wake, kwa hivyo nitautaja, ingawa hata sasa, nikiwa na karatasi mkononi, naogopa.

Linah Chepkurui alizaliwa hapa Kuresoi tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kiprugut na mama yetu Jeruto, ambaye ameketi hapa mbele. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1991, na akiwa darasa la saba alianguka mara ya kwanza, kwenye foleni ya uji, akatetemeka mwili mzima, na tangu hapo wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, wakiamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2002, akiwa amekaa peke yake nyuma ya darasa.

Mwaka wa 2004 alipata kazi ya kufunga maua Naivasha, akapanga chumba mtaa wa Kamere, lakini alipoanguka kazini aliambiwa asirudi, akaja Nakuru, akaajiriwa kuhudumia wateja katika hoteli moja ya mjini. Huko ndiko alikopata lile kovu mliloliona mkononi mwake, kwani mchana mmoja, wateja wakigonga meza kwa kucheleweshewa chakula na mpishi akimfokea aharakishe, kifafa kilimshika karibu na karai ya mafuta ya moto. Mkono ulipona, uoga haukupona, na aliniambia kwamba sauti ya watu wenye njaa wanaongoja ilikuwa inamfanya asikie mafuta yakichemka hata pasipo na moto.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na shemeji yetu Kipruto, fundi wa mjengo, ambaye aliambiwa ukweli mapema na hakurudi nyuma, na Mungu akawajalia Chelangat na mdogo wake Kigen.

Mwaka wa 2013 alifungua hoteli yake mwenyewe huko Nakuru, mtaa wa Shabab, nyuma ya gereji, na hapo ndipo wengi wenu mlipomjua. Daktari alikuwa amemwonya kwamba kukosa usingizi na kukurupuka kunaweza kuuamsha ugonjwa, na yeye aliogopa sana ile saa mafundi wote wanapofika pamoja, kwa hivyo aliipanga kazi upya. Chapati, ndengu na nyama vilipikwa asubuhi, Wawira, msaidizi wake, akiwa kando yake, vikahifadhiwa kwenye hotipoti, vyakula vya kuchagua vikapunguzwa hadi vinne, na mteja aliulizwa atakula nini akiwa bado ananawa mlangoni. Ikifika saa sita hapakuwa na mafuta motoni, wala mtu wa kumpigia kelele.

"Mathe, huku hata sijavuta kiti na sahani iko mezani," Jeff wa gereji alimwambia siku moja. "Unatumia nini?"

Linah alicheka tu. Wenye hoteli wengine walikuja kumwuliza jinsi alivyoondoa foleni, naye akawaeleza yote, isipokuwa sababu.

Mwezi wa Agosti 2022 dawa zake zilikosekana, akawa anameza nusu, na mchana mmoja hoteli ikiwa imejaa alianguka katikati ya meza. Mtu mmoja alisema, "Msimguse, hiyo kitu inashika." Wawira alimlaza ubavu, akamwekea leso chini ya kichwa, na Linah alipofungua macho hoteli ilikuwa tupu, sahani zimeachwa na chakula. Siku zilizofuata alipika kama kawaida na hakuna aliyeingia. Nilimkuta amekaa na aproni yake, akaniuliza, "Kaka, wanaogopa mimi ama wanaogopa chakula?"

Wiki iliyofuata Jeff alisimama mlangoni, akanawa mikono polepole.

"Niambie ukweli, mathe. Nikila hapa nitashikwa?"

"Hapana. Hii ugonjwa ni ya kichwa, haipiti kwa chapati."

"Bado naogopa."

"Hata mimi naogopa, Jeff. Kaa."

Alikaa, akala, na kesho yake akaja na mwenzake. Hawakurudi wote, lakini walirudi wa kutosha hoteli ikaendelea.

Mwaka jana mishtuko ya kifafa ilizidi, akalazwa mara mbili, na asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025 Kipruto alimkuta amelala kifudifudi, ameshatuacha, na daktari akatueleza kwamba kifafa kilimpata usingizini. Tangu siku hiyo Chelangat analala taa ikiwaka, na ameniuliza, "Mjomba, na mimi je?" Nilimwambia tutaenda pamoja kwa daktari tukaulize kama ugonjwa huu hurithiwa, na sitawaficha kwamba ninaiogopa safari hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Shabab na wa hapa Kuresoi, mafundi wa gereji waliochanga pesa za gari la kuleta mwili, na Wawira, ambaye hakuwahi kumkimbia.

Tumesikia minong'ono kwamba chakula cha leo kimepikwa kwa sufuria za Linah, na ni kweli, tumezileta sisi wenyewe. Hatutamlazimisha mtu. Mama, Kipruto, watoto na mimi tutatangulia kula, hapa mbele yenu, na atakayetaka atufuate.

Linah, dada yangu, pumzika sasa kwa amani, pasipo uoga.